Je, wajua kwa nini Viola hamalizi igizo akiwa amevaa gauni lake?

Ndoa mbili zimeshafungwa na ya tatu imeahidiwa. Kaka na dada, kila mmoja akiamini mwenzake amemezwa na bahari, wamekutana tena. Mtawala wa nchi amempata mchumba na anawakaribisha wote ndani. Lakini mchumba huyo, binti aitwaye Viola, bado amevaa nguo za kiume, na mtawala mwenyewe anamwita kwa jina la kiume: Cesario.

Ndivyo inavyokwisha Twelfth Night, yaani Usiku wa Kumi na Mbili, komedi ya mapenzi ambayo William Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1601, Malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa bado kwenye kiti cha enzi. Jina linatokana na usiku wa kumi na mbili baada ya Krismasi, kilele cha sherehe za Waingereza wa zama hizo, ambapo watu walikula, wakanywa na kugeuza mambo juu chini kwa furaha. Viola tunamwona na nguo za kike mwanzoni tu, pale anapookolewa pwani. Baada ya hapo, basi, hadi mwisho. Kwa nini?

Jibu fupi ni hili: gauni lake liko kwa nahodha, na nahodha yuko kifungoni. Ila jibu hilo linahitaji hadithi nzima ili lieleweke.

Meli imevunjika karibu na nchi ya Illyria. Viola anaokoka pamoja na nahodha, na anaamini kwamba pacha wake, Sebastian, amezama. Binti peke yake katika nchi ya ugeni, hana baba, hana kaka. Anamwomba nahodha amtafutie nguo za kiume, anajiita Cesario, na anaingia kazini kwa Orsino, mtawala wa nchi. Baada ya siku tatu tu Orsino ameshampenda kijana huyo kiasi cha kumwambia siri zake zote. Na siri kubwa ni moja: anamtaka Olivia, bibi tajiri wa jirani, ambaye hataki kumsikia. Olivia amefiwa na kaka yake, na ameapa kukaa matanga miaka saba, uso wake ukiwa ndani ya shela.

Basi Orsino anamtuma Cesario awe mshenga. Hapo ndipo utamu ulipo, na kwa Kiswahili tunauelewa upesi kwa sababu kazi ya mshenga tunaijua: hupeleka maneno ya mwingine, hujenga hoja, husifu, lakini moyo wake hautakiwi kuwamo. Viola ameshampenda Orsino. Kila neno zuri analompelekea Olivia ni neno ambalo angetamani aambiwe yeye. Anayasema vizuri mno, kwa uchungu wa kweli, na Olivia anampenda mshenga badala ya mposaji.

Tazama namna Viola anavyoligundua hilo. Ametoka kwa Olivia, yuko njiani. Anafuatwa na Malvolio, msimamizi wa nyumba ya Olivia, mtu mkavu anayejiona, akiwa na pete mkononi. Bibi amesema, Malvolio anaeleza, uichukue pete yako, hataki zawadi ya bwana wako. Anaitupa chini na kuondoka zake. Viola anabaki ameikodolea macho. Hakuacha pete yoyote kule. Polepole inamwingia: bibi yule amebuni pete isiyokuwapo ili apate sababu ya kumtumia ujumbe. Anamhurumia Olivia, kwa kuwa kupenda sura ya mavazi ni sawa na kupenda ndoto. Kisha anakiri kwamba fundo hili limemshinda, na kwamba wakati ndio utakaolifungua, si yeye.

Wakati unalifungua kwa njia ya Sebastian, ambaye hakuzama. Anafika mjini, Olivia anamwona, anadhani ndiye Cesario, na kwa haraka anamvuta mbele ya kasisi wakafunga ndoa. Kijana wa watu hajui bibi huyu ni nani, ila hana sababu ya kukataa.

Je, watazamaji waliaminije kwamba msichana na mvulana wanafanana kiasi hicho? Hapa ndipo desturi ya jukwaa la Uingereza inapoingia. Katika maigizo ya hadhara ya London wanawake hawakuigiza. Nafasi zao zilichezwa na vijana wa kiume waliofundishwa kazi na waigizaji wakubwa. Hali hiyo ilidumu mpaka majumba ya maigizo yalipofungwa mwaka 1642, na ni baada ya kufunguliwa tena mwaka 1660 ndipo wanawake walipopanda jukwaani kama waigizaji wa kulipwa. Kwa hiyo Viola wa kwanza alikuwa mvulana anayeigiza msichana anayejifanya mvulana. Mvishe yeye na mwigizaji wa Sebastian nguo za namna moja, na nusu ya kazi imekwisha. Shakespeare anatuambia waziwazi kwamba Viola amevaa kama kaka yake alivyokuwa akivaa, mtindo na rangi zilezile. Ni namna yake ya kumweka hai.

Wengi huishia hapo. Husema binti huvaa kiume kwa sababu mwigizaji alikuwa wa kiume, mambo yakawa rahisi. Ni kweli kiasi. Portia wa komedi nyingine ya Shakespeare, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, anakwenda mahakamani kwa sura ya mwanasheria wa kiume. Rosalind wa As You Like It, komedi yake nyingine, anajificha msituni kama kijana. Lakini sababu hiyo haitoshi kueleza gauni la Viola, kwa kuwa Rosalind anarudi mwishoni akiwa na mavazi ya bibi harusi. Shakespeare alimtafutia hata muda wa kubadili: Rosalind anatoka, na chale Touchstone anaingia jukwaani akieleza kwa kirefu ngazi saba za kugombana bila kupigana. Si muda wa kupoteza, kwani gauni la zama hizo lilikuwa la vipande vingi, la kufungwa kwa kamba na kubanwa kwa pini. Alijua namna ya kumvisha binti upya. Kwa Viola hakutaka.

Angalia alichokifanya badala yake. Mapacha wanasimama uso kwa uso mbele ya watu wote. Mtazamaji anangoja wakumbatiane. Hawakumbatiani. Wanaulizana. Baba yangu alikuwa na doa kwenye paji la uso, anasema Viola. Na wangu pia, anajibu Sebastian. Alifariki siku Viola alipotimiza miaka kumi na mitatu. Sebastian anakumbuka siku hiyo. Na hata hapo Viola anamzuia kaka yake: usinikumbatie kwanza, mpaka kila jambo lithibitike, nitakupeleka kwa nahodha aliyehifadhi nguo zangu za kike. Ni katika mazungumzo hayo ambapo kwa mara ya kwanza katika igizo zima jina lake linatamkwa. Mpaka dakika hiyo aliyeketi ukumbini alikuwa hajalisikia.

Orsino naye anataka kumwona katika gauni. Viola anajibu kwamba nahodha amefungwa kwa mashtaka ya Malvolio. Malvolio aitwe basi. Lakini Malvolio ametendewa ubaya. Watu wa nyumbani walimwandikia barua ya uongo ya mapenzi, kana kwamba imetoka kwa Olivia, ikimtaka avae soksi ndefu za njano zilizofungwa kamba za kupishana na atabasamu kila saa. Alipotii, wakamfungia chumba chenye giza na kumwita mwendawazimu. Sasa analetwa, anaelezwa ukweli, na anaondoka akiapa kulipiza kisasi kwa kundi zima. Orsino anaamuru afuatwe na abembelezwe, kwa sababu bado hajawaeleza habari za nahodha.

Igizo linakwisha kabla hajarudi. Ufunguo wa gauni umeondoka na mtu waliyemdhalilisha. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, mwisho huu unauma kuliko mwisho wa komedi nyingine za zama hizo: furaha ya Viola inamsubiri mtu ambaye furaha ya wengine ilimponda. Wakili mmoja mwanafunzi, John Manningham, aliyelitazama igizo hili tarehe 2 Februari 1602 katika ukumbi wa Middle Temple, jumuiya ya mawakili jijini London, ukumbi ambao umesimama mpaka leo, aliandika katika shajara yake kwamba mchezo aliofanyiwa msimamizi ulikuwa mzuri. Alicheka. Mimi nacheka mpaka kwenye chumba cha giza, kisha kicheko kinanikauka.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliweka pembeni. Shakespeare alikuwa baba wa mapacha, wa kiume na wa kike, Hamnet na Judith, waliobatizwa Stratford tarehe 2 Februari 1585. Hamnet alizikwa Agosti 1596, akiwa na miaka kumi na mmoja. Miaka michache baadaye baba yao akaandika igizo ambamo dada pacha anavaa nguo za kaka aliyepotea, na kaka anatokea mlangoni akiwa mzima.

Ukiisoma hadithi hii kwa Kiswahili unagundua pia kitu ambacho Kiingereza hakiwezi. Kiingereza kinalazimika kuchagua kila mara kama Cesario ni mwanamume au mwanamke, hata katika neno dogo la kumtaja. Sisi tunasema "amekuja", "anampenda", "yeye", na siri ya Viola inabaki salama ndani ya sarufi yenyewe. Anayefichua ni "bwana" au "binti". Orsino, hata baada ya kujua kila kitu, anachagua kuendelea na la zamani: njoo Cesario, anasema, kwa kuwa ndivyo utakavyokuwa wakati ungali mwanamume, lakini ukionekana katika mavazi mengine, utakuwa malkia wa moyo wake.

Wanaingia ndani. Chale Feste anabaki peke yake, anaimba kuhusu mvua inayonyesha kila siku, na nahodha bado yuko kifungoni na gauni.