Kabla Hujaliita Jiwe Lako Kimondo

Kila ikisambaa picha ya kimondo kikiwaka angani, watu huanza kutuletea mawe. Tunawashukuru, maana vimondo vingi vimejulikana kwa sababu ya wananchi wenye macho makini. Hata hivyo, mengi tunayoletewa ni mawe ya hapahapa duniani, na maelezo huwa yaleyale: “Linanasa sumaku.”

Kunasa sumaku pekee si ushahidi, naomba hili lieleweke. Vimondo vingi hunasa kwa kuwa vina chuma chenye nikeli. Lakini magnetaiti, madini ya chuma ya hapahapa duniani, hunasa pia, na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma vilevile. Isitoshe, sumaku kali hufuta usumaku wa asili ambao jiwe limeutunza tangu huko lilikotoka, na hakuna maabara iwezayo kuurudisha.

Anza na matundu. Jiwe lililojaa vitundu vya mapovu karibu kila mara ni lava au mabaki ya tanuri. Kisha angalia ganda: kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ganda jeusi, jembamba, mara nyingi lisilofika milimita 2, lililotokana na uso wake kuyeyuka kikipita hewani. Ganda likibanduka, kwa kawaida ndani utaona rangi ya kijivu yenye chembe za chuma zinazometa. Likwaruze jiwe nyuma ya kigae, upande usio na rangi ya kung’aa. Mstari wa kahawia-nyekundu ni dalili ya hematiti, madini mengine ya chuma; mstari mweusi ni dalili ya magnetaiti. Kimondo kwa kawaida hakiachi mstari.

Ukibaki na shaka, usilioshe wala kulipasua. Lipige picha palepale lilipo, rula ikiwa kando, andika tarehe na mahali, lifunge kwa foili safi ya alumini, ulipeleke kwenye taasisi ya jiolojia. Likithibitika, usajili wa jina lake katika Meteoritical Society, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa vimondo, hudai gramu 20 zihifadhiwe kwenye taasisi, au asilimia 20 ya uzito wote ikiwa ni pungufu ya hapo. Sehemu hiyo hairudishwi. Wanaolalamika kwamba jiwe lao “limemegwa” waelewe kuwa huo ndio utaratibu.

Kuhusu kuuza, sheria hutofautiana. Nchini Afrika Kusini, sheria ya urithi wa taifa ya 1999 inavifanya vimondo kuwa mali ya dola, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa, hata kama umekiokota shambani mwako. Ulizia sheria ya nchi yako kabla hujapokea hela ya mnunuzi.