Bafa ya Kadi ya Mtandao: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Hapa Tanga, mtandao wa ofisi ukianza kusuasua, wa kwanza kulaumiwa ni chumvi ya bahari: fundi atasema viunganishi vimeshika kutu na waya ubadilishwe. Lawama hiyo si ya bure, kwa kuwa upepo wa pwani hula shaba kweli, ila kutu huharibu pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) kwa kubahatisha, ingawa ndefu huumia zaidi. Ikiwa ujumbe mfupi unapita na mafaili makubwa yanakwama kila mara, afadhali kuichunguza draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya mtandao, pamoja na bafa yake, nafasi ya kumbukumbu inayopokea data, kabla ya kushika koleo.

Dhana: “Ping imejibu, basi kadi ni nzima.” Ping, amri ya kujaribu kama kompyuta nyingine inajibu, kwa kawaida kwenye Linux hubeba baiti 56 tu za data, ambazo hata bafa iliyopunjwa huzimeza bila taabu. Ijaribu kwa baiti 1472, huku ukizuia pakiti isikatwe vipande. Pamoja na 8 za kichwa cha ICMP (itifaki ya ping) na 20 za kichwa cha IP (itifaki ya anwani), inatimia 1500, kikomo cha kawaida cha mzigo wa Ethaneti, yaani mtandao wa waya.

Dhana: “Bafa ya baiti 1500 inatosha, kwani huo ndio ukubwa wa fremu ya Ethaneti.” Hapa ndipo wengi hujikwaa. Fremu ni kifurushi kizima kinachopita kwenye waya; hizo 1500 ni mzigo, yaani data inayobebwa, peke yake. Kichwa kina baiti 14, na mwishoni zipo 4 za kuhakiki usahihi, hivyo jumla ni 1518. Lebo ya VLAN (mbinu ya kuugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo) nayo huongeza 4, ikawa 1522. Draiva iliyopimiwa 1518 yaweza kufanya kazi miaka mingi bila lawama, mpaka siku swichi inapowekewa VLAN na fremu zilizojaa zikaanza kutupwa, kisa baiti nne. Tena zipo kadi zinazoziondoa zile baiti za uhakiki na zipo zinazoziandika pamoja na data. Hilo husomwa katika mwongozo wa kadi yenyewe, halikisiwi. Ndiyo maana draiva nyingi hutenga 1536, namba inayogawanyika kwa 64 bila salio.

Dhana: “Ongeza namba, tatizo litakwisha.” Namba ziko mbili: nafasi iliyotengwa kwenye kumbukumbu, na ukubwa ambao kadi imeambiwa. Kadi huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa. Ukiiambia 2048 ilhali umetenga 1536, fremu ndefu itafuta data ya jirani, na programu isiyohusika na mtandao ndiyo inayoweza kuanguka. Kwa maoni yangu hiyo ni mbaya kuliko pakiti iliyopotea, ambayo walau huhesabiwa. Namba zote mbili zitokane na thamani moja iliyoandikwa mahali pamoja.

Fremu fupi nazo zina deni lao. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba draiva kadhaa, zilipoijazia fremu fupi ifikie urefu wa chini unaotakiwa, zilitumia mabaki yaliyokuwamo kwenye kumbukumbu, na hivyo kuvujisha data za zamani. Nafasi hiyo hujazwa sifuri.