Idd imepita, harusi zimepita: tunarudi vipi kwenye kawaida?

Kila Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wanaokuja kuniona hapa Lamu huanza kwa kuomba radhi. Ramadhani waliacha kutembea, kaimati na tambi zikawa za kila jioni, ikaja Idd, zikafuata harusi za mfululizo na pilau na halwa yake. Mizani inaonyesha kilo mbili tatu za ziada, nao wanataka niwape adhabu: wiki moja ya kujinyima, wakimbie hadi wachoke.

Mimi ni mtaalamu wa lishe na adhabu siitoi, kwa sababu haifanyi kazi. Sehemu kubwa ya kilo zilizopanda ghafla ni maji. Wanga unaobaki mwilini huwekwa kwenye misuli na ini, na kila gramu yake hushikana na karibu gramu 3 za maji. Chumvi ya vyakula vya shughuli nayo huzuia maji. Ukila kawaida siku chache, maji hayo hutoka yenyewe. Anayeruka staftahi na chakula cha mchana ili "alipie" biriani ya jana, usiku hujikuta jikoni akifunua sufuria.

Wengi wakati huu wanafunga sita, zile siku sita za sunna za Mfungo mosi. Funga ni ibada na haina neno, lakini angalia unachofuturia. Meza ikiwa ni ileile ya Ramadhani, basi mlo wako haujarudi kawaida. Tende, maji, kisha chakula cha usiku cha siku zote vinatosha.

Bibi mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, nile nini, majani?" La, bibi. Kula wali wako, kula samaki wako. Ila wali wa nazi na samaki wa kupaka katika mlo mmoja ni tui juu ya tui. Samaki akiwa wa kupaka, pika wali mweupe. Ukitaka wali wa nazi, samaki aina ya changu achomwe kwa ndimu na pilipili, na mchicha uwepo. Na mahali ninapokazania zaidi ni kwenye sinia. Tukila pamoja, hakuna anayejua amekula kiasi gani, maana upande wako ukipungua mwenyeji anakusukumia wali mwingine, na kukataa ni kumvunjia heshima. Basi kabla ya tonge la kwanza, vuta mbele yako mboga na samaki, tenga fungu la wali unalolitaka, ule polepole. Anayekula taratibu huwa hasukumiwi chakula mapema.

Mazoezi yana hesabu yake. Ukikaa wiki mbili tatu bila kutembea, kinachopungua mapema ni pumzi: maji ya damu hupungua na moyo hupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Nguvu za misuli hudumu zaidi, na hata zikipungua hurudi upesi kuliko zilivyojengwa mara ya kwanza. Hapo ndipo watu wanapoumia. Miguu inajiona ina nguvu, mtu anarudi na mwendo wa zamani, kisha kano za kisigino zinamlaza. Kama ulikuwa ukienda Shela na kurudi, wiki ya kwanza ishia nusu ya njia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Zifikie pole pole. Za mwezi uliopita hazidaiwi.

Saa nayo ina maana. Wengi hupenda kutembea ufuoni maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu. Lakini maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyotembea pakavu leo, wiki ijayo utayakuta yamejaa, na ratiba imevunjika. Ifunge safari yako kwenye swala: baada ya Alfajiri, au mara tu baada ya Alasiri. Maji yakijaa, pita njia za mitaani, Mkomani hadi Langoni. Kina mama wanaotoka wawili wawili Alfajiri nawaona wanadumu kuliko anayetoka peke yake.

Na ukikosa siku, kesho toka. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa 2010, walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66, wengine muda mrefu zaidi, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Jambo moja silipitii haraka. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, usipunguze wali na kuanza kutembea kwa pamoja kabla ya kuonana na daktari wako, kwani dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Beba kitu kitamu mfukoni. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, kaa chini, ule au unywe kitu hicho kitamu hapohapo, na umwambie uliye naye.