Jeni ni nini? Selimundu na mtoto aliyezaliwa mzima

Mtoto wa Malindi akizaliwa na selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu, miezi ya mwanzo huwa hana neno. Ananyonya, ananenepa, analala. Akikaribia miezi sita, au baadaye kidogo, vidole vya mikono na miguu vinamvimba, analia akiguswa, na weupe wa macho unaingia umanjano. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Watu wa mume husema, "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Watu wa mke hujibu hivyo hivyo. Hakosi na jirani ambaye hakuulizwa, atakayesema mtoto katupiwa jicho, kwani si alizaliwa mzima?

Hayo ni maswali mawili ya haki kabisa. Vipi watu wawili wazima wa afya wazae mtoto mgonjwa? Na kama ugonjwa ni wa kuzaliwa nao, mbona usubiri nusu mwaka? La kwanza linajibiwa na jinsi jeni inavyorithiwa, la pili na jinsi jeni inavyowashwa na kuzimwa.

Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, aghalabu protini. DNA yenyewe ni uzi mrefu sana uliokunjwakunjwa ndani ya kiini cha seli, na umeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Seti moja ya mwanadamu ina herufi kama bilioni 3, zilizogawanywa katika kromosomu 23. Kila mtu hupewa seti moja na mamake na nyingine na babake, ndiyo maana seli zetu nyingi zina kromosomu 46. Jeni zenye maagizo ya protini ni kama 20,000.

Moja kati ya hizo huitwa HBB, nayo imekaa kwenye kromosomu ya 11. Kazi yake ni kutoa sehemu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Protini hujengwa kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na kila herufi tatu za jeni hutaja asidi amino moja. Sasa tazama mahali pa sita kwenye mnyororo huo. Kwa watu wengi pameandikwa GAG. Kwa mwenye jeni ya selimundu pameandikwa GTG. A imekuwa T, basi. Badala ya asidi ya glutamiki inaingia valini, na himoglobini inayotoka huitwa S badala ya A. Himoglobini S ikishaachia oksijeni hunatana, hujipanga kuwa nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa ya mviringo hupinda ikawa na umbo la mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo, kama ile ya vidole vya mtoto, na hufa mapema kuliko nyingine. Maumivu na upungufu wa damu vinatoka hapo. Chembe zilizopinda zilielezwa kwa maandishi huko Chicago mwaka 1910. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe.

Turudi kwa wakwe wanaogombana. Kila mzazi ana nakala mbili za HBB, naye humpa mtoto moja tu. Mwenye nakala moja ya himoglobini A na moja ya S, yaani AS, kwa kawaida haumwi. Anavua, anabeba magunia, anazeeka, asijue kwamba anayo. Wakikutana wawili wa namna hiyo, basi kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto awe AA, nafasi mbili kati ya nne awe AS kama wazazi wake, na nafasi moja kati ya nne awe SS, ambaye ndiye mgonjwa. Nasisitiza kila mimba. Jeni hazina zamu. Kuna wazazi wanaojiambia kwamba maadamu wa kwanza aliugua, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo, hesabu huanza upya kila mara. Na huyo SS kapata S moja kwa baba na S nyingine kwa mama. Hakuna upande unaoweza kunawa mikono, na ni dhuluma kumrudisha mwanamke kwao kwa jambo ambalo mumewe amelichangia nusu kwa nusu.

Aliyeigundua hesabu hii ni Gregor Mendel, mtawa aliyekuwa akipanda njegere mjini Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Kabla yake wengi waliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika kwa mtoto zikawa kitu kimoja. Jeni haichanganyiki. Hupita nzima, hujificha kizazi kimoja au vitano, kisha hutokea ikiwa vile vile.

Kuna vipande vya DNA visivyofuata utaratibu huu wa nusu kwa nusu, na hapa watu wa Lamu watanisikiliza zaidi. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume peke yake. DNA ya mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote, lakini ni mabinti tu wanaoiendeleza. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza. Nyuzi za upande wa mama zilikuwa za Kiafrika karibu zote. Nyuzi za upande wa baba nyingi zilitoka Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakitunga, na waliosema Mswahili ni Mwafrika nao hawakuwa wakitunga. Kwa maoni yangu ubishi ule wa barazani ulipaswa kwisha hapo, ila najua hautakwisha.

Kwa nini S, inayoua watoto, haijatoweka? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi kuanzia mwaka 1949. Nyanda za juu aliikuta S kwa shida. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria aliikuta kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mwenye AS analindwa dhidi ya malaria. Watafiti wa Kilifi, wanaofanya kazi huko tangu 1989, wamekuja kuonyesha kwamba ulinzi huo ni mkubwa sana, takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Katika vijiji vya kando ya Mto Sabaki, kabla ya vyandarua na dawa, mtoto wa AS ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukua na kuzaa, naye akaipitisha S mbele.

Jambo hili halikuishia hapo. Pwani tuna pia jeni za talasemia ya alfa, kasoro nyingine ya himoglobini, ambazo nazo hupunguza makali ya malaria. Mtu angedhani mtoto mwenye kinga zote mbili ana ngome mbili. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walichapisha kinyume chake: zikikutana kwa mtoto mmoja, kinga inakaribia kupotea. Matokeo ya jeni moja hutegemea imekaa na jeni gani nyingine.

Sasa ile miezi sita. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zote, lakini haizitumii zote. Kila nyumba ya Pwani ina mbuzi ya kukunia nazi, lakini hutolewa siku ya kupika kwa nazi. Siku nyingine imeegemezwa ukutani. HBB imo ndani ya seli za jicho na za ini, ila imezimwa. Huwashwa katika seli zinazozaa chembe nyekundu za damu tu. Zinazofanya kazi ya kuwasha na kuzima ni protini maalumu zinazoshika DNA sehemu fulani na kuruhusu jeni isomwe au kuizuia isisomwe.

Mtoto akiwa tumboni, HBB karibu haitumiki. Zinazotumika ni jeni nyingine, jirani zake kwenye kromosomu ile ile ya 11, zinazotoa himoglobini ya mimba, iliyo hodari wa kuvuta oksijeni kutoka kwa damu ya mama. Karibu na kuzaliwa zamu hubadilika: za mimba hufifia, HBB hushika kazi. Mtoto wa SS huzaliwa akiwa bado amejaa himoglobini ya mimba, ambayo haina kasoro yoyote. Ikishapungua, S inabaki peke yake uwanjani. Janet Watson, daktari wa New York, aliliona hili mwaka 1948. Hakuna aliyemtupia mtoto jicho. Jeni ilikuwapo tangu siku ya kwanza ya mimba, ila ilikuwa haijaanza kusomwa.

Kujua hivyo kulizaa swali: je, jeni za mimba zinaweza kuwashwa tena? Hidroksiurea, dawa ya kumeza, hufanya hivyo kwa kiasi. Ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, na mwaka 2019 ikaripotiwa kwamba maumivu, kuongezwa damu, malaria na vifo vilipungua. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo inayosaidia kuzizima jeni za mimba. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 2, mbali kabisa na HBB.

Kwa anayetaka kujua hali yake kabla ya ndoa, haya ya BCL11A hayamhusu. Kipimo chake ni cha kawaida: tone la damu huwekwa kwenye ukanda na kupitishiwa umeme. Himoglobini S, kwa kuwa imepoteza ile asidi ya glutamiki yenye chaji hasi, husafiri polepole kuliko A. Mwenye AA anaonyesha mstari wa A, mwenye SS mstari wa S, mwenye AS anaonyesha yote miwili. Herufi moja ya DNA inaonekana kwa macho.

Maabara zenye uwezo zaidi sasa zinaihariri DNA yenyewe kwa mkasi wa CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya selimundu iitwayo Casgevy. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, hukatwa mahali panapoiwasha BCL11A katika seli za damu, kisha hurudishwa mwilini; himoglobini ya mimba inaanza kutoka tena. HBB haiguswi, inabaki na S zake mbili. Huko Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, mbali na gharama za hospitali. Na kwa kuwa zinazohaririwa ni seli za uboho tu, mbegu za kiume na mayai yanabaki yalivyokuwa: aliyepona kwa tiba hii bado atampa S kila mtoto atakayemzaa.