Kabla ya kuhesabu paneli, hesabu mwezi na korosho

Nikipewa orodha ya kaya na vifaa vyao ili nipange mtambo wa umeme wa jua wa kijiji, huuliza kwanza: ilijazwa mwezi gani? Kwenye vijiji vya pwani ya Lindi na Mtwara, umeme wa Novemba si umeme wa Mei. Kuanzia Oktoba hivi pesa za minada ya korosho zinaingia, na ndipo televisheni na friza zinaponunuliwa. Ikifika Mei, mtu yuleyule ananunua uniti za mia tano. Dodoso la siku moja haliyaoni haya.

Kalenda ya matumizi waichore wananchi wenyewe, na isichorwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano ule ni wa kuridhia eneo na kuandika muhtasari. Wasemaji huwa walewale. Nendeni vitongojini, mkae na wavuvi peke yao, akina mama wauza samaki peke yao, mwenye mashine ya kusaga peke yake. Miezi 12 juu ya karatasi ya manila, na kokoto pale umeme unapohitajika zaidi.

Hapo hutoka mambo ambayo fundi wa mjini hayajui. Dagaa wa taa huvuliwa siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, barafu hainunuliwi. Ramadhani watu huamka kula daku saa 10 alfajiri, taa na televisheni zinawashwa wakati betri iko chini kabisa. Na mfungo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka: 2026 unaangukia Februari na Machi, kusini kukiwa na mvua na mawingu.

Sasa hesabu. Kaya 120 kwa uniti 0.3 (uniti ni kilowati moja kwa saa moja) kwa siku ni 36. Friza 10 kwa uniti 1.2 ni 12. Mashine ya kusaga ya kilowati 7.5 kwa saa 4 ni 30. Jumla 78. Robo hivi hupotea njiani, kwa hiyo gawanya kwa 0.75 upate 104. Kwa saa 4.5 za jua kali, unahitaji paneli za kilowati 23 hivi. Kama usiku hutumika uniti 32, na betri ya lithiamu haitumiwi zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake, betri ni ya uniti 40.

Mashine ikisaga jioni badala ya mchana, uniti zake 30 zinaongezwa kwenye zile 32 za usiku, na betri hiyo inakaribia uniti 78. Karibu mara mbili, kwa sababu ya saa tu! Lakini akina mama asubuhi wako shambani, na mahindi huletwa jioni. Hapa fundi hana amri, ni mapatano. Bei ya kusaga kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ikishushwa kidogo, wengine watatuma watoto. Halafu mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika majumbani, inazima na kijiji kizima kinakaa giza. Wekeni kifaa cha kuiwasha taratibu.

Kiwanja cha bure kinachotolewa na kijiji nakitilia shaka. Mara nyingi kiko pembeni. Waya wa alumini wa milimita za mraba 16, wenye urefu wa mita 600 na ampea 10, hupoteza volti 23 kati ya 230. Nyumba ya mwisho friza haigandishi. Tena jirani kuna mikorosho, na kivuli cha mkorosho kinakua kila mwaka. Mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya kijiji, hivyo fidia iandikwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Ada ya kuunganishwa ikusanywe Novemba na Desemba, malipo ya korosho yakishatoka. Ukiidai Aprili utapewa ahadi, na nguzo zitasimama bila mita.