Kuchagua mkono wa tobaa wa kupandisha na kushusha kwa tela zito

Habari zenu wadau. Mi nafunga tobaa, yaani vyuma vya kuvutia tela vinavyofungwa nyuma ya gari, na kurekebisha matela ya boti huku Ilemela, Mwanza, na swali ninaloulizwa kuliko yote siku hizi ni la ule mkono wa kupandisha na kushusha, yaani kile chuma kinachoingia kwenye bomba la mraba nyuma ya gari, kina matundu yamepangana wima, unachomoa pini unashusha au unapandisha boli, yaani ile tufe ya chuma ambayo tela linakaa juu yake, unarudisha pini umemaliza. Kazi za ziwani zimeongezeka, wenye vizimba vya samaki wanavuta maboya na chakula, wenye boti za faiba wanazitoa Igombe wanazipeleka Sengerema, wengine wanavuta jenereta na kompresa kwenda Geita, na karibu wote wakija dukani wanachagua mkono kwa kuangalia unene wa chuma. Unene haukwambii kitu kama hujajua mambo mawili, urefu toka chini na uzito wa shingo ya tela, yaani ile sehemu ya mbele inayokaa juu ya boli. Ntaanza na hayo.

Urefu. Weka gari sehemu tambarare kweli, Mwanza hii ya mawe na miteremko usiamini macho, tumia pima maji. Gari liwe na mzigo utakaosafiri nao, mafuta yamejaa, na watu wamekaa, kwa sababu pikapu ikipakiwa nyuma inakaa chini sentimita kadhaa na vipimo vyote vinabadilika. Pima toka chini hadi ukingo wa juu wa tundu la bomba, kwa ndani. Nenda kwenye tela, nalo likiwa limepakiwa, liinue kwa jeki mpaka pima maji iseme limekaa sawa, pima toka chini hadi mdomo wa kikombe kinachokaa juu ya boli. Toa hicho cha pili kwenye kile cha kwanza. Mfano bomba liko sentimita 62 na kikombe 46, unahitaji kushuka sentimita 16. Mikono mingi matundu yake yanaachana inchi moja, ambayo ni sentimita 2.5, kwa hiyo 16 kamili hupati, utakuwa kati ya 15 na 18 hivi. Sasa ukishafunga tela shingo inaikandamiza gari tena, inashuka zaidi, kwa hiyo mara nyingi tundu la 15 ndo linakuja kukaa sawa. Funga, rudi na pima maji uangalie, kama pua ya tela imeinuka shusha tundu moja. Sawa kabisa au pua imeinama kidogo, hapo ni pazuri. Pua juu sikubali.

Kwa nini nakomaa na pua? Kwa sababu tela likiangalia juu uzito unarudi nyuma, shingo inakuwa nyepesi, na tela lenye shingo nyepesi linaanza kuyumba kushoto kulia, na likishaanza kwa spidi dereva akakanyaga breki kwa woga ndo linazidi. Na kama tela lako lina ekseli mbili na springi zake hazigawani mzigo, pua juu inaitwisha ekseli ya nyuma karibu kila kitu, matairi ya nyuma yanachemka na kupasuka wakati ya mbele yapo tu. Nimeona wenye matela wanalalamikia matairi feki mwaka mzima kumbe tatizo ni urefu wa boli.

Uzito wa shingo. Watengenezaji wengi wa Marekani wanashauri shingo ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake, na kwa boti wengi wanakubali kuanzia 5 hadi 10. Tela la tani 3 kwa hesabu ya asilimia 10 ni kilo 300 zinazokaa nyuma ya gari lako, na hizo zinahesabika kama mzigo wa gari, sio kwamba kwa vile ni tela gari halibebi. Huna haja ya kifaa cha bei kupima. Huku kwetu kila mwalo una mzani wa magunia au wa samaki wa kusimama chini, azima mmoja unaofika kilo 500. Panga matairi mawe, weka gogo imara juu ya mzani, shusha kikombe kikae juu ya gogo kwa ule urefu utakaosafiri nao, soma. Ikiwa ndogo sogeza mzigo mbele. Kwa boti yenye injini nzito nyuma mara nyingi inabidi usogeze ile nguzo ya winchi mbele kidogo boti nzima iende mbele, na usipofanya hivo hakuna mkono duniani utakaotuliza hilo tela.

Sasa ndo tuje kwenye namba zilizogongwa kwenye chuma, na hapa naomba usome taratibu maana hapa ndo watu wanaumia. Mkono wa Marekani unaandikwa kwa pauni. Ukiona 10,000 LBS sio kilo elfu kumi! Ni kilo 4,536. Jirani yake kuna namba nyingine ndogo, kama 1,000 au 1,500, hiyo ni ya shingo, nayo ni pauni, 1,000 ni kilo 454. Vifaa vya Uingereza na Ulaya vina kibati kimeandikwa D na S. S ni kilo za shingo, rahisi. D ni kilonewtoni, kipimo cha nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela, na kuipata unachukua uzito wa mwisho unaoruhusiwa wa gari kwa tani ukazidisha na wa tela, ukagawanya kwa jumla yao, ukazidisha kwa 9.81. Gari la tani 3 na tela la tani 3.5 linatoa kama 15.8, kwa hiyo kibati kikisema D 12 hicho hakikufai hata kama muuzaji anakuapia.

Na namba ya mkono sio namba ya safari. Kuna ya gari, ya tobaa iliyofungwa kwenye chasisi, ya mkono, ya boli, ya kikombe, ya minyororo, na inayotawala ni ile ndogo kuliko zote. Hilux za dizeli za miaka ya karibuni na Land Cruiser za familia ya 70 kwenye soko la Australia zimeandikwa tani 3.5 kwa tela lenye breki, lakini tela lisilo na breki ni kilo 750 tu. Watu wanasikia 3.5 wanaisahau hiyo 750, alafu wanavuta boti ya tani 2 bila breki kushuka Isamilo. Ukinunua mkono wa tani 6 gari haliongezeki hata kilo moja.

Boli lenyewe. Kwa sababu matela yetu yanatoka kila pembe ya dunia kuna maboli matatu yanazunguka hapa mjini, la milimita 50 la Uingereza na Ulaya, la inchi 2 la Marekani ambalo ni milimita 50.8, na lile kubwa la inchi 2 na 5/16 kwa mizigo mizito. Hayo mawili ya kwanza ukiyaweka mezani huyatofautishi kwa macho, tumia vernia, ile rula ya kubana ya kupimia unene, au soma juu ya boli. Kikombe cha inchi 2 kwenye boli la 50 kitafunga lakini kitacheza, kila shimo kinagonga, na boli likishalika siku moja kitaruka. Mikono mingine inakuja na maboli mawili yanayogeuzwa, ni kitu kizuri kwa anayevuta matela tofauti.

Chuma au alumini? Maji ya Victoria hayana chumvi, kwa hiyo kutu ya huku sio ile ya Dar, chuma kilichopakwa vizuri kinadumu. Alumini ni nyepesi, mtu mmoja anauchomoa bila shida, ila ukiuacha ndani ya bomba la chuma miezi na unalitia tela majini kila wiki, unang'ang'ania hautoki, paka grisi na uchomoe mara kwa mara. Kimoja nasisitiza, alumini usichomelee hata ufa ukiwa mdogo, moto unaua nguvu yake. Na boli usilichomelee kwenye bati la mkono linapokaa, mafundi wenzangu naomba hili, ile chuma ni ngumu na weldingi inaacha ufa usioonekana.

Usinunue mrefu kuliko unavyohitaji. Mkono wa kushuka inchi 10 wakati wewe unahitaji 6 unabaki umening'inia chini. Ukifunga breki tela linasukuma boli kwa mbele, na boli likiwa chini zaidi ndivyo linavyozidi kupindisha bomba na boliti za tobaa, ndo maana baadhi ya watengenezaji wanapunguza uzito unaoruhusiwa ukishusha sana, soma kibandiko. Alafu kuna kukwaruza. Kupanda kivuko cha Kamanga, au kutoka mwaloni pale mchanga unapokutana na barabara, mkono mrefu ndo unagusa wa kwanza. Wa Sengerema siku hizi wanapita daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 bila ngazi ya kivuko, ila huko juu upepo wa ziwa unalipiga boti ubavuni, na hapo shingo nyepesi inajulikana mara moja.

Kufunga. Pini ya bomba la inchi 2 ni 5/8, milimita 16, usiweke boliti ya dukani badala yake. Nati ya boli lenye shina la inchi 1 inakazwa karibu Nm 340 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), la inchi 1 na robo karibu 610, kama mtengenezaji ameandika yake fuata yake. Kama huna toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, mtu wa kilo 60 akiegemea uzito wake wote mwisho wa bomba la mita moja lililolala sawa anatoa kama Nm 590, kwa hiyo ile spana fupi ya gereji haifiki hata nusu. Minyororo ivuke mmoja juu ya mwingine chini ya shingo, ifungwe kwenye tobaa yenyewe na sio kwenye mkono, maana mkono ukichomoka minyororo ndo inabaki imelishika tela. Ukifika Usagara simama, shika boli utikise, kaza nati tena, angalia klipu za pini zote, alafu endelea.