DT 175 au TS 185? Nilivyomchagulia kijana pikipiki ya njia za mawe

Wiki iliyopita alinipigia simu kijana mmoja, mwalimu wa sekondari huku kwetu Mwanza. "Shikamoo fundi. Nimepata pikipiki mbili, nashindwa nichukue ipi." Zote za zamani, zote za mipigo miwili, zile tunazoziita za kuchanganya oili: Yamaha DT 175 na Suzuki TS 185 ER. Hataki kubebea abiria. Anataka ya Jumamosi na Jumapili: atoke Kisesa, akate kwenye miamba, ashuke kwenye majaluba ya mpunga, atokee ziwani upande wa Kayenze kwa njia za ng'ombe.

Nikamwambia asitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka nizikute zimelala baridi. Muuzaji akishaiwasha kabla hujafika, amekuficha nusu ya habari. Kwa hiyo kabla ya salamu kuisha nilikuwa nimeshaweka kiganja kwenye silinda zote mbili. Baridi. Tukaanza.

Ufundi nilianzia Mwaloni, Kirumba, kwenye mashine za boti za wavuvi, na huko ndiko nilikojifunza kwamba injini hizi huziulizi kasi, unaziuliza zimekunywa nini. Boxer ya bodaboda, ya mipigo minne, ina oili yake chini. Ukisahau kuibadilisha, inakuvumilia kwa muda. Ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Petroli na hewa hupita kwanza kwenye chumba cha kranki, ndipo hupanda kwenye silinda, na oili iliyomo humo ndiyo inayolainisha beringi, konrodi, pistoni na ringi kabla ya kuungua na kutoka na moshi. Ikikatika kwa dakika chache tu njiani, injini imenoki.

Kwa karatasi, pikipiki hizi ni ndugu. DT ina cc 171, TS ina cc 183. Zote hupozwa na upepo, zote zina rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, na zote zilitoka kiwandani na pampu inayovuta oili kutoka kwenye tanki lake dogo. Yamaha waliita mfumo wao Autolube, Suzuki wakaita wao CCI. Nyingi za aina hii nilizoziona zilikuwa za bwana shamba, bwana mifugo au mradi wenye namba za DFP, yaani miradi ya wafadhili, baadaye zikaenda mnadani. Tofauti kubwa iko nyuma. DT ina shokapu moja, imelazwa chini ya tanki na kiti. TS ina mbili za pembeni. Kwenye mawe ya kwetu DT hutulia zaidi, tairi la nyuma haliruki ovyo. Lakini shokapu hiyo moja ikifa, utaitafuta mji mzima, wakati za TS fundi mzoefu atakupatia za kufanana urefu. TS nayo huvuta vizuri ikiwa chini: unapanda jabali kwa gia ya pili bila kuigombeza.

Ingekuwa ni hayo tu, ningemwambia achukue DT. Naipenda. Na hii ilikuwa imepakwa rangi mpya, kiti kipya, inang'aa.

Nikaenda kwenye pampu ya oili. Hapa ndipo penye roho ya jambo lote, na ndipo wanunuzi wengi hawatazami. Mafundi wengi huiondoa pampu au huiziba ikisumbua, kisha mwenyewe anachanganya oili kwenye petroli kwa mkono. Si dhambi, hata mimi nimezifunga kadhaa. Balaa ni pikipiki kubadilisha mikono bila neno hilo kusemwa. Mimi mwenyewe niliuziwa hivyo miaka ya nyuma: tanki la oili limejaa, nikaamini pampu inafanya kazi, nikaweka petroli tupu. Sikufika Usagara. Pistoni ilishika, silinda ikachubuka, nikaichonga na kutafuta pistoni ya ovasaizi kwa miezi. Tangu siku hiyo nafungua kifuniko, nazungusha akseleta na kuangalia kama kiwiko cha pampu kinasogea pamoja nayo, kisha nafuata mrija mpaka kwenye injini.

Ya DT ilikuwa imezibwa. Muuzaji alikiri baada ya kuulizwa, na hilo ningelivumilia. Tukapiga kiki, ikawaka. Nikaiacha ipate moto, nikavuta akseleta na kuiachia. Mlio haukushuka, ukaning'inia juu kama mtu anayefikiria, ndipo ukashuka taratibu. Injini inayofanya hivyo mara nyingi inanyonya hewa mahali isipopaswa, hasa kwenye sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya kranki upande wa magneto, inayotoa umeme wa plagi. Hewa ikizidi, petroli na oili vinapungua kwa kipimo hicho hicho, na joto linapanda. Tukafungua kifuniko cha magneto, nyuma yake pamelowa. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki, dalili ya joto hilo.

Sili ya upande wa pili, kwenye klachi, ikichoka hufanya kinyume: injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe usioisha hata ikiwa moto. Muuzaji atakwambia "zote za kuchanganya hutoa moshi". Zinatoa, ndiyo, zikiwa baridi. Moshi ukiendelea, pima oili ya gia.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alidai. Ekzosi ya pikipiki hizi hufungwa na boliti chache tu. Ukiivua, unaona pistoni kwa macho kupitia tundu la silinda. Zungusha kiki pole pole kwa mkono, mulika na tochi ya simu. Ubavu wa pistoni ya DT ulikuwa na mikwaruzo wima, mirefu, ya kuhisiwa na ukucha. Imeshawahi kushika. Ya TS ilikuwa na alama ndogo za uzee, ringi zinachomoza na kurudi ukizibonyeza kidogo kwa kijiti. Tanki lake limebonyea, kiti kimechanika, lakini pampu inafanya kazi na plagi ina rangi ya kahawa.

Nilipomwonyesha, kijana alinyamaza kidogo. "Fundi, lakini ile ndiyo nzuri." Nikamwambia, mdogo wangu, rangi inapakwa kwa siku moja.

Amechukua TS. Sasa yale niliyomwambia asiyasahau.

Huku ziwani hatuna shida ya oili ya mipigo miwili, wavuvi wanaitumia kila siku. Ila zile zenye alama ya TC-W3 zimetengenezwa kwa mashine za boti, ambazo hupozwa na maji ya ziwa. Silinda inayopozwa na upepo tu, unapopanda mawe polepole saa saba mchana, hupata joto lingine kabisa. Tafuta ya pikipiki, chupa iandikwe JASO FC au FD. Na siku pampu itakapomchosha akaamua kuchanganya kwa mkono, kwa injini kongwe kama hii mimi hutumia moja kwa 32: kila lita ya petroli, mililita 31 za oili, kwa bomba la sindano lenye alama, siyo kwa kizibo na makadirio.

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Pikipiki iliyowekwa jeti (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) za pwani hapa hunywa petroli nyingi kupita kiasi, inakohoa na kuchafua plagi. Hilo halivunji injini. Hatari ni kinyume chake: uliyoipunguzia jeti Mwanza ukaipeleka pwani bila kuirudishia.

Mchanga wa luseni, udongo wetu wa kichanga, ni adui mwingine. Kwa kuwa hewa hupita kwenye kranki kwanza, vumbi husaga beringi kabla hata ya kufika kwenye ringi. Sponji ya eyaklina ioshwe na kupakwa oili kila baada ya safari ya vumbi. Wapo wanaoitoa kabisa ili injini ivute vizuri. Sitaigusa pikipiki ya mtu wa namna hiyo.

Kadi ilikuwa na jina la muuzaji mwenyewe na namba ya injini imelingana, kwa hiyo upande huo hatukupoteza muda.

Jumamosi anaileta gereji. Tunabadilisha sili zote mbili za kranki hata kama hazivuji, maana mpira wa miaka hiyo haujui kusubiri, tunasafisha kabureta, tunamwaga oili ya gia. Jumapili, Mungu akijalia, twende wote Kayenze, yeye mbele na mimi nyuma nikisikiliza mlio.